Kwa Wazazi na Vijana Wetu: Jinsi ya Kuwa Beki wa Hoki Anayeaminika

Wazazi wenzangu wanaoleta watoto kwenye hoki ya barafu hapa Winnipeg huniuliza mambo mengi, lakini swali linalorudi kila msimu ni la mabao. Msimu uliopita mama mmoja kutoka Bukavu, ambaye mwanawe ni beki kwenye timu ninayosaidia kuifundisha, alinisogelea baada ya mechi akasema: "Kocha, mutoto yangu ataingiza goli siku gani? Wenzake wote wanaingizaka." Nikamjibu, "Mama, leo mwanao ndiye aliyecheza vizuri kuliko wote." Akanitazama kama mtu anayedhani anafarijiwa tu. Lakini nilimaanisha. Kila kijana yule alipoingia, wapinzani hawakupata hata nafasi moja ya maana ya kupiga shuti. Mama hakuliona hilo na simlaumu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwonyesha mahali pa kutazama.

Naandika haya kwa ajili yake, na kwa ajili ya vijana wetu wanaokulia kwenye miji ya baridi, Winnipeg, Edmonton, Minneapolis, Stockholm. Na kwa wale wa Nairobi pia, wanaojifunza kwenye kile kiwanja kidogo cha barafu cha hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa. Kijana ukipangwa beki, usidhani umepewa nafasi iliyobaki baada ya wengine kuchagua. Ni kazi inayoweza kukuweka mchezoni miaka mingi, hata kama hufungi, alimradi makocha wajue watapata nini kutoka kwako kila usiku. Mfano ninaoutumia siku zote ni wa mtu ambaye jina lake pekee humfanya Mkenya ageuke: Johnny Oduya.

Oduya alizaliwa Stockholm tarehe 1 Oktoba 1981, baba Mkenya, mama Mswidi. Kaka yake mkubwa, Fredrik, naye alicheza hoki ya kulipwa. Alifariki mwaka 2011 kwa ajali ya pikipiki. Johnny alichaguliwa na Washington Capitals mwaka 2001, kwenye ule mchakato wa kila mwaka ambapo timu za NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, huchagua vijana kwa zamu. Alichaguliwa raundi ya saba, nafasi ya 221. Mtu wa nafasi hiyo hajengewi mipango yoyote, na Washington hawakumsajili kabisa. Alikuwa ameshapitia ligi ya vijana ya Quebec, akiwa Moncton kisha Victoriaville. Akarudi kwao Uswidi, akaanza na Hammarby kwenye daraja la pili, akapanda kwenda Djurgården, halafu Frölunda. Aliingia NHL Oktoba 2006 na New Jersey Devils, akiwa ndio kwanza ametimiza miaka 25.

Hapo ningependa mzazi asimame kidogo. Nimeona familia zikikata tamaa mtoto akiwa na miaka 14 kwa sababu hakuitwa kwenye timu ya wateule ya mkoa. Beki huchelewa kukomaa kuliko mshambuliaji. Kazi yake inategemea kusoma mchezo, na kusoma mchezo kunakuja kwa kuona hali ileile mara nyingi hadi mwili uijue kabla kichwa hakijaamua. Niklas Hjalmarsson, aliyekuja kuwa beki mwenza wa Oduya uwanjani, alichaguliwa wa 108 mwaka 2005, naye ana Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa NHL, mara tatu. Chris Tanev hakuchaguliwa na timu yoyote. Vancouver walimsajili mwaka 2010 akitoka chuoni, na hadi leo makocha humtaja wakitaka kuonyesha beki wa kuzuia. Hata Nicklas Lidström, ambaye kwangu mimi hajatokea beki makini kumzidi, alichukuliwa wa 53 mwaka 1989. Detroit wakakaa naye misimu 20, mechi 1,564, akishinda tuzo ya beki bora wa ligi mara saba.

Mimi nilikulia Nairobi nikicheza mpira wa miguu, beki wa kati, na barafu nilikutana nayo ukubwani. Msimu wa 2011–12 Jets, timu ya NHL ya Winnipeg, walikuwa ndio wamerudi mjini. Timu ya Atlanta Thrashers, aliyokuwa akiichezea Oduya, ilihamishiwa hapa kiangazi cha 2011 ikachukua jina hilo, na mji mzima ulikuwa umepagawa. Tiketi zilikuwa shida kweli. Mwenzangu wa kazini akanipa nafasi yake, viti vya juu kabisa karibu na paa. Watu walikuwa wakimshangilia Dustin Byfuglien, beki mwenye mwili mkubwa, mashuti mazito na migongano ya kutikisa kuta. Mimi nilikuja kwa ajili ya jina lililoandikwa mgongoni mwa mwenzake. Nikaamua sitaangalia paki, kile kidude cheusi cha mpira mgumu wanachokimbizana nacho. Nitamwangalia Oduya tu, zamu nzima, tangu anaruka ukuta wa benchi hadi anaketi.

Nilijifunza usiku ule kuliko kwenye video zote nilizokuwa nimetazama. Mshambuliaji alikuwa anakuja kwa kasi upande wa kushoto. Oduya anarudi kinyumenyume, magoti yamekunjwa, fimbo mkono mmoja, ncha yake haibanduki kwenye barafu, inakwenda kushoto na kulia taratibu kama fagio la uani. Kabla yule jamaa hajafika mstari wa buluu, ule unaoanzia eneo la kujilinda, Oduya aligeuza kichwa mara mbili, haraka, kuangalia kama kuna mwingine anayepita nyuma yake. Hakuwepo. Basi akapunguza mwendo wa kurudi, nafasi kati yao ikabana, na mshambuliaji akajikuta njia iliyobaki ni ile ya ukutani. Akaelekea huko. Fimbo ikagusa paki, bega likamfunga mtu ukutani, pasi ya mita chache ikaenda kwa senta wake, yaani mshambuliaji wa kati, naye Oduya akaenda kuketi. Hakuruka, hakujirusha chini, hakumgonga mtu kwa hasira. Yule mshambuliaji alikwenda kule alikotakiwa kwenda, na nadhani alidhani ameamua mwenyewe.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, kwa mzazi na kwa kijana, ni huo: chagua beki mmoja, mtazame zamu nzima, sahau paki. Kwenye televisheni ni vigumu kwa sababu kamera hufuata paki. Nenda uwanjani, hata kwa mechi za vyuo au za vijana ambazo tiketi zake ni nafuu, na ukae juu. Ukikaa chini karibu na kioo utaona kasi na kusikia kishindo, lakini mpangilio hutauona.

Sasa kwa wanaocheza. Jambo ninalolifundisha kwa muda mrefu kuliko yote ni umbali kati yako na mshambuliaji. Ukimwachia nafasi kubwa, anaingia kwenye eneo lako bila bughudha, anainua kichwa, anachagua la kufanya. Ukimbana mno ungali umesimama, anakupita. Lengo ni kumfikia karibu na mstari wa buluu mkiwa mmetengana kwa urefu wa fimbo hivi, nawe ukirudi nyuma kwa mwendo unaolingana na wake. Hilo haliwezekani kama hujui kuteleza kinyumenyume. Watoto hulichukia zoezi hili. Wanataka kukimbia mbele na kupiga mashuti. Mimi huwaweka kurudi nyuma kwa kuchora nusu duara kwa kila mguu, kushoto, kulia, bila fimbo, hadi mapaja yawake moto. Baada ya majira moja ya baridi ya namna hiyo utaona mabadiliko makubwa, na kuna viwanja vya wazi vya bure kwenye vituo vya mitaa karibu kila upande wa mji huu, kwa hiyo ya kutafuta ni soksi nzito na mtu wa kwenda naye.

Macho yatulie kifuani mwa mpinzani. Mikono hudanganya, fimbo hudanganya, kichwa hudanganya, ila kifua kitaelekea pale anapokwenda. Na mwili wako ukae kati yake na goli, daima upande wa ndani. Nasema daima kwa sababu makosa mengi ya vijana wangu hutokea wanapovutwa na paki, wanaifuata kwenye kona wote wawili, na mbele ya kipa hakuna mtu.

Halafu kuna suala la kuchukua paki iliyotupwa nyuma yako kwenye kona. Hapa ndipo mabeki huumia. Unakimbia ukiwa umeipa mgongo sehemu nzima ya uwanja, na nyuma yako anakuja mtu mzito kwa kasi. Kabla hujaifikia, tazama juu ya bega lako la kulia, kisha la kushoto. Nawataka watoto wangu waangalie mara mbili na waniambie walichokiona. Nikiwauliza "Nani alikuwa anakuja?" wakanijibu "Sijui," tunarudia. Usiingie kichwa kikiwa kimeinama kuelekea ukuta. Fika kwa pembeni, gusa ukuta kwa mkono na bega, magoti yakiwa yamekunjwa. Kinga ya mtoto wako shingoni na kichwani inaanzia kwenye yale matazamo mawili ya bega, kisha ndiyo ije kofia ya bei ghali.

Ukishaipata paki, pasi ya kwanza ndiyo kazi. Mshabiki hupenda beki anayepita watu watatu na kuvuka uwanja wote. Kocha humpenda anayetoa pasi fupi, safi, inayokaa kwenye fimbo ya mwenzake bila kumfanya apunguze mwendo. Kama senta yuko wazi, mpe. Kama amezibwa, pitisha nyuma ya goli kwa beki mwenzako. Kama wote wamezibwa, gonga kioo itoke nje ya eneo, mpumue. Usione aibu kwa hiyo ya tatu. Oduya aliifanya akiwa bingwa.

Amecheza zaidi ya mechi 800 za NHL na mabao yake hayafiki 50. Hesabu hiyo huwashangaza wazazi. Makocha hawashangai, kwa sababu wao humkadiria beki wa aina yake kwa maswali mengine. Anacheza dhidi ya nani? Je, anaingia wakati tunaongoza kwa bao moja zikiwa zimebaki dakika mbili? Anaingia tukiwa pungufu? Hilo la pungufu lina uzito wake. Mchezaji akifanya kosa anakaa nje dakika mbili, timu inabaki na wanne dhidi ya watano, na hapo kocha haangalii umaarufu. Huko Chicago, timu aliyoichezea baada ya Winnipeg, waliwatuma Oduya na Hjalmarsson. Ukitaka kujua kama kocha anamwamini mtoto wako, angalia nani huingia timu ikiwa pungufu.

Chicago Blackhawks walimchukua kutoka Winnipeg tarehe 27 Februari 2012, wakatoa haki mbili za kuchagua vijana, ya raundi ya pili na ya tatu. Wengi hapa mjini hawakuhuzunika sana. Mwaka uliofuata akawa bingwa.

Fainali ile ya 2013 dhidi ya Boston nimeitazama tena na tena na vijana wangu, hasa mechi ya kwanza na ya sita. Mechi ya kwanza Chicago walikuwa nyuma 3–1 kipindi cha tatu, cha mwisho. Dave Bolland akapunguza, kisha Oduya akapiga kutoka upande wa kushoto, paki ikagonga kiatu cha Andrew Ference wa Boston ikaingia. 3–3. Mechi ikaenda hadi kipindi cha tatu cha nyongeza ndipo Andrew Shaw akaimaliza. Mechi ya sita, tarehe 24 Juni huko Boston, Chicago walikuwa nyuma 2–1 ikiwa imebaki dakika moja na ushee. Bryan Bickell akasawazisha. Sekunde 17 baadaye, Oduya akapiga tena kutoka mbali, paki ikamgusa Michael Frolik, ikagonga mwamba, ikamdondokea Bolland mbele ya goli lililo wazi. 3–2, kombe likaenda Chicago.

Angalia mashuti hayo mawili. Hakuna hata moja lililolenga kona ya juu. Yote mawili yalipigwa haraka, yakipita kwenye msongamano wa miguu na fimbo, na yote mawili yalibadilishwa njia na mtu mwingine. Beki akiwa kwenye mstari wa buluu wa eneo la wapinzani anachohitaji ni shuti lifike. Kipa wa leo hafungwi kirahisi na shuti analoliona kutoka umbali huo. Anafungwa na lile lililofichwa au lililogeuzwa. Kwa hiyo vijana, acheni kuvuta fimbo hadi juu ya kichwa. Inueni macho, tafuteni mwanya, pigeni chini. Shuti likizibwa na mtu wa kwanza aliye mbele yenu, huko nyuma mmeacha uwanja mtupu, na hapo ndipo mashambulizi ya kushtukiza huzaliwa.

Kuongea nako ni kazi. Mabeki wawili wasioongea ni watu wawili wanaokisia. Vijana wetu wengi, hasa waliofika hapa wakubwa kidogo, huwa kimya barafuni kwa sababu hawajiamini na Kiingereza. Nawaambia maneno yanayohitajika hayazidi kumi: una mtu, una muda, nyuma ya goli, geuka, wangu, wako. Timu yangu ina watoto wanaoelewana kwa Kiswahili, na nimewaruhusu wakitumie wao kwa wao. Wapinzani hawaambulii kitu. Umuhimu wa sauti ulionekana mwaka 2014, Hjalmarsson alipopigwa na paki kooni akiziba shuti kwenye mechi za mchujo. Madaktari walimkataza kuongea kwa muda, akaendelea kucheza. Jozi yao iliweza kuhimili hilo kwa sababu kila mmoja alikuwa ameshazoea mahali mwenzake atakapokuwa. Jozi mpya isingeweza. Ndiyo maana, ukipewa mwenza, kaa naye. Pasheni misuli pamoja, ketini pamoja, muulizane baada ya kila zamu: ulitaka niende wapi?

Kuhusu kuziba mashuti, kwa watoto nina msimamo mkali. Sitaki mtoto wa miaka 11 ajilaze mbele ya paki. Paki ina uzito wa gramu kama 170 na ni ngumu kama jiwe. Mfundishe kusimama kwenye njia ya shuti, fimbo mbele, miguu imebana. Kujirusha chini ni kwa wakubwa wenye vifaa kamili na wanaolipwa kwa kazi hiyo. Vilevile kugongana: Hockey Canada, chama cha hoki cha nchi hii, waliondoa migongano ya mwili mwaka 2013 kwa watoto wa miaka 11 na 12, na mimi niliunga mkono. Mtoto anayejua kukaa upande wa ndani na kumsukumia mtu ukutani kwa njia anayoteleza, akifika umri wa kugongana atakuwa tayari. Yule aliyezoea kuwapita wenzake kwa ubavu hatakuwa na kitu siku wote watakapomfikia kimo.

Lingine ambalo halionekani ni kupumzika. Zamu ya kawaida ni sekunde 40 hadi 50. Vijana hupenda kubaki, wanafikiri ni juhudi. Beki aliyechoka miguu ndiye anayefanya kosa linalozaa bao, tena katika kipindi cha pili hatari huongezeka, kwa sababu timu zimebadilishana magoli na benchi lenu sasa liko mbali na eneo lenu la kujilinda. Umebanwa kule nyuma, huwezi kutoka, na kila sekunde mguu unazidi kuwa mzito. Kabla ya kipindi hicho huwa nawaambia mabeki wangu neno moja tu: mkiipata paki, itoeni kwanza, mengine baadaye.

Mwaka 2015 Chicago walipata mtihani wa aina hiyo kwa mwezi mzima. Michal Rozsival alivunjika kifundo cha mguu dhidi ya Minnesota, na kocha Joel Quenneville akabaki anawategemea mabeki wanne: Duncan Keith, Brent Seabrook, Hjalmarsson na Oduya. Timu huvaa mabeki sita kwa mechi. Keith alicheza zaidi ya dakika 700 katika mechi 23 za mchujo, akatajwa mchezaji bora. Hao wengine watatu nao walibeba dakika nyingi. Tarehe 15 Juni waliwafunga Tampa Bay 2–0 nyumbani, kombe la pili kwa Oduya. Mtu hawezi kubeba mzigo huo kwa kukimbia kila mahali. Oduya aliubeba kwa kuteleza kidogo: alikuwa mahali sahihi mapema, kwa hiyo hakuhitaji kufukuza. Mwangalieni siku zile, ana umri wa miaka 33, na hapumui kwa mdomo.

Ningekuwa namdanganya kijana kama ningemwambia njia hii ni tulivu. Beki anayeaminika huhitajiwa na kila timu, na kwa sababu hiyo huhamishwa. Februari 2010 New Jersey walimtoa Oduya kwenda Atlanta ili wampate Ilya Kovalchuk, mfungaji mkubwa. Mwaka uliofuata timu yenyewe ikahamia Winnipeg. Kisha Chicago. Baada ya ubingwa wa 2015 Chicago hawakuwa na nafasi kwenye ukomo wa mishahara ambao ligi huiwekea kila timu, akaenda Dallas. Februari 2017 Chicago wakamrudisha. Msimu wa 2017–18 alianza Ottawa akamalizia Philadelphia. Kila mahali kuna mfumo mpya, mwenza mpya, mji mpya. Katikati ya hayo aliitwa na taifa lake mara mbili kwenye Olimpiki, 2010 na 2014, ya pili akarudi na medali ya fedha kutoka Sochi. Kijana anayetaka maisha haya ajizoeze mapema kufika kwenye timu mpya na kuuliza maswali siku ya kwanza: tukipoteza paki hapa, nani anarudi? Tukiwa pungufu, tunakaa vipi? Anayeuliza huonekana mtu mzima, hata akiwa na miaka 15.

Wazazi, sasa la kwenu. Gharama za hoki ni kubwa na sitazificha. Viatu vya chuma vya kutelezea barafuni, kofia, vikinga, fimbo, ada ya klabu, safari za wikendi. Msinunue viatu vipya kwa mtoto anayekua. Maduka ya vifaa vilivyotumika yapo, na vilabu vingi huwa na siku ya kubadilishana vifaa. Hapa Kanada kuna mifuko kama KidSport na Jumpstart inayosaidia familia kulipa ada. Jazeni fomu bila kuona haya, fedha hizo zimetengwa kwa ajili ya watoto kama wenu. Kitu ambacho msikipunguzie gharama ni kofia na kunoa viatu. Kiatu butu hakimruhusu beki kugeuka, na mtoto atadhani hajui kucheza kumbe chuma ndicho kimekufa.

Mtoto wenu huenda akawa Mweusi pekee chumbani. Willie O'Ree alikuwa Mweusi wa kwanza kucheza NHL, Januari 1958, na hadi leo mtoto wetu akiingia kwenye viwanja vingi bado hugeuziwa macho. Muulizeni kila baada ya mechi: ulijisikiaje, kuna aliyekuambia neno? Akisema ndiyo, nendeni kwa kocha siku hiyohiyo, kisha kwa klabu kwa maandishi. Msimwache alibebe peke yake akidhani ni sehemu ya mchezo.

Na shule isisimame. Njia ya vyuo vikuu vya Marekani imewafikisha mabeki wengi NHL, Tanev akiwa mmoja wao, na asiyefika hubaki na shahada. Mwulizeni kocha wa klabu mapema, mtoto akiwa na miaka 14 hivi, masomo gani vyuo hivyo vinadai, kwa sababu kuna ambayo hayawezi kufidiwa dakika za mwisho.

Usajili wa vilabu vya mitaa hufunguliwa kabla ya vuli na nafasi za wanaoanza hujaa upesi, kwa hiyo piga simu kwenye kituo cha mtaa wako kabla shule hazijafunguliwa. Ulizeni saa za barafu za wanaoanza, ulizeni vifaa vya kuazima, ulizeni kama kuna msaada wa ada. Na mtoto akipangwa beki, mwambieni kocha kwamba mmefurahi, mtoto akisikia.